Wimbo wa bendi haupikwi studio, unapikwa bandani (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Ridhim wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Niliahidi kwenye ule uzi wa bei za studio kwamba nitakuja kueleza sisi tunavyotunga. Leo umeme umekatika, mazoezi yameahirishwa, simu ina chaji asilimia 80, kwa hiyo nashuka nao taratibu.

Mimi napiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya watu saba hapa Dar. Si bendi kubwa. Tunapiga baa Ijumaa na Jumapili, na harusi zikitokea. Nyimbo zetu wenyewe ni kumi na moja, zilizobaki ni kopi za zamani ambazo wazee wasipozisikia hawaagizi bia, na mwenye baa ananuna.

Mwaka juzi tuliingia studio na wimbo mbichi. Jina la studio silitaji. Tulilipia saa sita, elfu 40 kwa saa, mkononi tuna mashairi, kiitikio na matumaini. Saa ya kwanza yote solo, yaani mpiga gitaa la kuongoza, anatafuta aanzeje. Saa ya pili mwimbaji na mpiga besi wanabishana kama kiitikio kinarudi mara moja au mara mbili. Fundi mitambo yuko nyuma ya kioo anatafuna karanga, anatuangalia, saa inakwenda. Tulitoka na ubeti mmoja na nusu, na tumba (ngoma ya mkono) iliyopigwa na mtu mwenye hasira. Laki mbili na elfu arobaini, wakuu, na ile pesa ilikuwa ya kununulia spika.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja: studio tunakwenda kurekodi. Kutunga ni bandani. Banda letu liko nyuma ya gereji, na fundi gereji ndiye msikilizaji wetu wa kwanza. Akiacha kugonga bodi ili asikilize, tunajua kuna kitu.

Nitawapa mfano wa wimbo mmoja mwanzo mpaka mwisho, ndiyo mtaelewa vizuri kuliko maneno mengi.

#2 Kitimtim

Nimeshaweka mkeka. Kahawa na kashata pembeni. Shusha mkuu, usituachie "itaendelea" hapa.

#3 Ridhim wa Tabata

Wimbo wenyewe ulianza kwenye daladala. Mwimbaji wetu alimsikia abiria akilia kwenye simu kwamba kiwanja chake cha Chanika kimeuzwa kwa watu wawili. Akajirekodi palepale akiimba kwa sauti ya chini, makelele ya konda yamo humohumo, akatutumia kwenye grupu saa tano usiku:

*Hati unayo, na mwenzio anayo*
*Kiwanja kimoja, misingi miwili*

Hiyo tu. Kwetu wimbo karibu kila mara unakuja hivyo, mistari miwili na mkondo wa sauti. Aliyeuleta tunamwita mwenye wimbo, na ana haki moja kubwa: maneno hayaguswi bila yeye kukubali. Mengine yote ni ya banda, kila mtu anaruhusiwa kuyaharibu.

Jumanne tukaanza na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umesimamia. Solo akasikiliza ile rekodi, akatafuta, akakuta iko C. Sawa, tukapiga C. Lakini kwenye simu jamaa aliimba ubeti tu, kiitikio kilikuwa hakijazaliwa. Kilipozaliwa siku hiyohiyo kikaruka juu, mishipa ya shingo ikamtoka. Solo hataki kushuka kwa sababu vidole vyake vimeshazoea pale. Tukabishana nusu saa. Tukashusha mpaka A, mwimbaji akapumua. Bendi nyingi changa zinapanga wimbo kwenye ufunguo ambao gitaa linaupenda. Gitaa halina koo jamani.

Baada ya hapo kazi inarudi kwangu. Ridhim ndiye anatandika mkeka, wenzake wakae. Napiga kitu kilekile dakika ishirini, siruhusiwi kubadilisha, mpaka mkono unakufa ganzi, na kila mmoja anatafuta pa kuingia. Besi wetu ni kijana ana vidole vyepesi, akajaza noti kila mahali, wimbo ukawa kama nyumba yenye fanicha nyingi, huna pa kupita. Tukamwambia apige noti tatu halafu anyamaze. Akaona tumemdharau. Ile nafasi aliyoiacha ndimo tumba alipoingia, na hapo kwa mara ya kwanza fundi gereji akaweka nyundo chini.

Tumba msimchukulie poa. Wazee wa dansi walikuwa na "mtindo", kila bendi na wake. NUTA Jazz, ambayo baada ya kupita JUWATA na OTTU leo ndiyo Msondo Ngoma, mtindo wake ulikuwa Msondo. Mlimani Park ikaja 1978 na Sikinde. Yale si majina ya mapambo, yametoka kwenye ngoma za asili. Kwa hiyo tumba akibadilika, unaweza kukuta mnapiga bendi ya watu wengine bila kujua.

Kilichotutesa ni mlango wa kuingilia chemko. Kwa wasiojua, wimbo wa dansi una vyumba viwili: cha kwanza watu wanasikiliza kisa, cha pili magitaa yanachemka na watu wanaamka. Kutoka huku kwenda kule ndiyo kazi. Tulijaribu solo aite peke yake, ikawa kama wimbo mpya umeanza. Tukajaribu wote tunyamaze kisha turudi, mmoja kila siku anarudi peke yake, aibu. Wiki mbili tumekwama.

Siku moja dramu yuko kimya anasikiliza tena ile rekodi ya daladala. Katikati ya makelele konda anagonga bodi mara mbili, kwa-kwa, dereva anaondoa gari. Dramu akachukua fimbo akagonga ukingo wa ngoma ndogo mara mbili. Kwa-kwa. Hakusema neno. Tukaondoka wote saba kwa pamoja.

Mpaka leo tukipiga wimbo huo baa, kuna watu wanajibu "twende!" na hatukuwafundisha.

#4 Biti Kali

Mkuu hongera ila naomba nipinge kidogo. Mimi ni prodyuza, napika biti. Siku hizi wimbo unatungwa humohumo studio. Naweka biti, msanii anaingia kwenye maiki anaimba maneno yasiyo na maana yoyote, tunachagua mkondo mzuri, halafu ndiyo anaandika mashairi juu yake. Saa nne wimbo umetoka. Ninyi wimbo mmoja umewachukua muda gani? Mtandao hausubiri.

#5 Ridhim wa Tabata

Miezi mitatu, na sioni aibu. Wewe studio ni yako mkuu, saa haikuumi. Na kwako wa kukubaliana ni wawili. Sisi ni saba, na mmoja ni mpiga solo.

Ila sikatai njia yako. Ile ya kuimba maneno yasiyo na maana kwanza na sisi tunaifanya, hasa kwenye kiitikio.

#6 Mzee Sahani

Vijana hamjambo. Nimepiga saksafoni miaka ya themanini, bendi sitaitaja, nimestaafu.

Huyu mleta uzi anaita sheria, kwetu ilikuwa hakuna namna nyingine. Redio ilikuwa moja, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na studio ni ile ya Barabara ya Pugu. Kwanza mashairi yanatangulia mezani, yanasomwa na kamati. Yakikataliwa, hata mpige vizuri namna gani, mmerudi nyumbani. Kwa hiyo wimbo wa mapenzi wenye maneno makali ulijifunza kuyaficha maneno hayo, na hapo ndipo utunzi ulipokuwa utunzi.

Yakipita, mnaitwa. Mnaingia wote, waimbaji na vyombo, mnapiga kwa pamoja kama mko ukumbini. Hakuna cha kusema solo atakuja kesho kuweka lake. Akikosea mmoja, wote mnarudi mwanzo. Mimi niliwahi kukosea kwenye chemko, wimbo ulikuwa umebakiza nusu dakika. Nilivyoangaliwa siku ile sijasahau.

Sasa utaingiaje pale na wimbo mbichi? Tulikuwa tunafanya mazoezi mchana, saa nne mpaka saa nane, usiku tunapiga dansi. Wimbo mpya unapenyezwa katikati ya zilizozoeleka. Ukumbi ndio mwalimu. Unakuja kuingia studio vidole vinaujua kuliko kichwa.

Na jambo jingine, kiwanda cha kufyatua sahani hapa nchini hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Sahani ile ndogo upande mmoja unachukua dakika chache tu, na wimbo wa ukumbini una dakika kumi. Basi ukikatwa, kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Hayo nayo unayapanga kabla, bandani, mnajua kabisa ni wapi kisu kitapita. Ukiwa na sahani za zamani nyumbani geuza upande wa pili utaona.

#7 Kitimtim

Shikamoo mzee. Hapo kwenye "vidole vinaujua kuliko kichwa" nimesimama nikakaa tena.

#8 Mtu wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Mzee ametaja Nairobi na mimi lazima niingize neno. Bendi ya Les Wanyika mnawajua, na najua mtasema ni Watanzania wenu, sibishani, wengi wao walikuwa Watanzania. Novemba 1978 kina Omari Shabani wa ridhim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu walitoka bendi ya Simba Wanyika, wakaungana na John Ngereza aliyekuwa akipiga na Wakongo hapahapa. Hawakukimbilia jukwaani. Walikaa miezi sita wanafanya mazoezi na kutunga nyimbo mpya kabla ya kuanza kupiga klabu ya Garden Square. Nusu mwaka mzima, na ni watu waliokuwa tayari na majina.

Halafu ndiyo ikaja Sina Makosa, wimbo wao. Iweke sasa hivi, achana na maneno ambayo kila mtu anayaimba kwenye matatu. Fuata besi peke yake mpaka mwisho. Kisha irudishe, fuata ridhim peke yake. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hiyo si bahati ya siku moja studio, hapo watu wamezoeana mpaka kila mmoja anajua mwenzake atanyamaza wapi.

#9 Ridhim wa Tabata

Mzee shikamoo sana. Mtu wa Nairobi, umenipiga palepale. Besi wetu tulimpa wimbo huohuo akausikilize, aliporudi ndipo akakubali noti tatu. Kabla ya hapo alikuwa ananiona mimi mchawi.

Niendelee. Kabla ya kurekodi, wimbo wa kiwanja tuliupiga baa Jumapili nne bila kuutangaza. Unapigwa wa tano au wa sita, watu wameshapata mbili tatu. Hatuulizi mtu kama ameupenda, maana mtu akikununulia soda atakwambia mzuri. Tunaangalia miguu. Jumapili ya kwanza na ya pili tukaona kitu kilekile: ubeti wa pili ukianza, watu wanakwenda chooni. Ulikuwa na mistari minane, unaeleza mpaka jina la ofisi ya ardhi na foleni yake. Mwenye wimbo akagoma kukata, ni maneno yake, ana haki yake. Jumapili ya tatu tukampa kazi ya kuhesabu watu wanaosimama. Jumatatu akaja mwenyewe na mistari minne.

#10 Sauti ya Tatu

Nimekuona kaka. Kumbe ukikosa umeme unakuja kutangaza siri za bendi huku.

Wadau, mimi naimba sauti ya tatu kwenye bendi hiyohiyo, na huyu ameruka sehemu ngumu kuliko zote kwa sababu yeye kazi yake ni mkono. Kwenye ile mistari minne kulikuwa na "barabara imepita juu ya hati yangu". Mkondo wa sauti waliouzoea ulikuwa unapanda kwenye "ra" ya kwanza. Imbeni wenyewe muone: ukiweka mkazo pale inakuwa *barábara*, yaani sawasawa kabisa. Njia ya magari mkazo uko mbele, *barabára*. Kwa hiyo tulikuwa tunaimba kwamba mambo yako sawa kabisa juu ya hati yangu, wakati mtu amedhulumiwa. Wanaume sita hakuna aliyesikia. Nikawaambia, wakasema wasikilizaji wataelewa. Nikakataa kuimba.

Haikubadilishwa maneno, iliyobadilishwa ni sauti: ikacheleweshwa nusu pigo, mpando ukaangukia panapotakiwa. Kazi ya dakika kumi bandani. Fikiria mngegundua baada ya kurekodi.

Kingine ni kupumua. Tuko watatu kwenye kiitikio. Kila mtu akipumua anapotaka, neno linakatika vipandevipande kama redio yenye betri zilizokwisha. Tunakaa nje ya banda bila chombo hata kimoja, tunaimba tukipiga makofi, tunakubaliana: hapa wote tunapumua, hapa mimi peke yangu naiba pumzi wenzangu wanashikilia. Nina daftari lina alama hizo, wanalicheka, lakini siku ya studio ndilo lililokuwa juu ya stendi.

#11 Ridhim wa Tabata

Dada ni kweli tupu, nakiri mbele ya jamvi. Na ile nyimbo... samahani, ule wimbo (maana utanirukia tena) uliokolewa na masikio yako.

#12 Biti Kali

Sawa nimeelewa somo. Ila swali la kitaalamu: mnafanya mazoezi na kliki, ule mlio wa masikioni unaowahesabia mwendo? Bendi nyingi zikija kwangu wimbo unaanza unatembea, kwenye chemko unakimbia, mwisho unapepea. Nikitaka kukata kipande cha mwanzo nikiweke mwisho hakikai. Hapo lawama inakuja kwangu.

#13 Ridhim wa Tabata

Hapo umetushika pabaya. Hatukuwa nayo. Tumba wetu alisema yeye hafundishwi na mdudu anayelia masikioni. Na kwa kweli chemko likipigwa kwa mwendo uleule wa ubeti linakufa, lazima lipande.

Tulichofanya ni kujirekodi bandani kwa simu mara nyingi, kisha tukapima mwendo kwa programu ya bure. Tukakuta tukiwa vizuri ubeti unatembea mapigo 108 kwa dakika na chemko linakuwa 122, kila siku hapohapo, kumbe hatukimbii ovyo, tunapanda ngazi. Fundi mitambo akatutengenezea kliki yenye miendo miwili, na pale kwenye kwa-kwa ndipo inaporuka. Anayeisikia ni dramu peke yake, sisi tunamfuata yeye. Tumba hajaambiwa mpaka leo, naomba asiingie humu.

#14 Mzee Sahani

Naomba niulize. Mtunzi mliandika nani? Maana zamani kwenye sahani linaandikwa jina moja, na waliokesha nalo ni kumi.

#15 Ridhim wa Tabata

Mzee umegusa kidonda. Hapo ndipo bendi zinapofia, kuliko hata kwenye hela za mlangoni.

Wimbo huo una utangulizi wa solo, sekunde kama kumi na tano. Watoto wa mtaani wanaupiga mluzi. Maneno hawayajui, mluzi wanaujua. Siku moja bandani solo akauliza taratibu, huku anakaza nyuzi: "Hivi ule mwanzo ni wa nani?" Kila mtu akawa bize na chombo chake. Mwenye wimbo akasema wimbo ni wangu. Solo akasema basi uimbe bila mwanzo. Kimya. Mazoezi yaliishia hapo.

Tulikaa wiki bila kupiga. Baadaye dada (huyu Sauti ya Tatu) akatuleta mezani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja. Ulinzi wake unaendelea mpaka miaka 50 baada ya kufa yule wa mwisho kati yao, kwa hiyo hata watoto wetu wamo. Lakini sheria haiwezi kuja bandani kujua nani alileta nini, hilo mnaliandika wenyewe.

Tukakubaliana hivi, na sisemi ndiyo njia sahihi kwa kila bendi: mwenye maneno na mkondo wa sauti nusu. Nusu ya pili wanagawana waliokuwepo bandani wimbo unapikwa, sawa kwa sawa, bila kupima nani kaleta noti ngapi. Mwenye wimbo anachukua kotekote. Tukaandika kwenye karatasi moja ya daftari, majina saba, sahihi saba, tarehe, kabla ya kwenda studio na kabla ya kuusajili COSOTA, kule kwa watu wa hakimiliki. Solo alisoma mara tatu. Wimbo ukishapendwa karatasi hiyo haiandikiki, kila mtu atakuwa ndiye aliyetunga.

Dramu aliomba tuongeze kwamba konda hadai chochote. Tulicheka, lakini jamaa ana hoja.

#16 Kitimtim

Swali la mwisho nikalale. Mkienda studio na nyimbo tatu mnaanza na upi? Ule mgumu au rahisi?

#17 Ridhim wa Tabata

Sisi tunaanza na rahisi, lakini si kwa ajili ya kurekodi vizuri. Unapigwa ili fundi apange maiki zake na koo zifunguke, tukipata kitu ni faida. Wa pili ndio ule wa kiwanja, wakati watu wana joto na hawajachoka. Wa tatu tunauachia muda uliobaki. Safari hii ule wa kiwanja ulikaa tulipoupiga mara ya pili, saa nne zikatosha kwa nyimbo zote tatu, na fundi mitambo hakupata nafasi ya kula karanga.

Umeme umerudi. Kwenye grupu mpiga tumba ametuma rekodi ya sekunde arobaini, nasikia kama anagonga sufuria na mtoto analia nyuma. Ngoja nikaisikilize.

#18 Sauti ya Tatu

Nimeshaisikiliza. Lile neno la mwisho mkazo umekaa vibaya.